Kijiti cha Saba na Hotuba ya Ijumaa

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari vijana wa labo, maabara nilikofanya kazi, wamekuja nyumbani kwangu Buyenzi, hapa Bujumbura, mara mbili kuniuliza ufunguo wa kabati la asidi uko wapi. Upo palepale ulipokuwa siku zote, nyuma ya kopo la chumvi. Mara ya pili wakaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nadhani walichotaka hasa ni nitulie nyumbani na kalamu, nisije tena kuwasimamia kwa mdomo. Haya, naandika. Vyeo siviandiki, viko kwenye faili ofisini na havikumfundisha mtu kitu. Nitaandika juu ya vioo, juu ya mwanamke aliyeviosha, na juu ya uongo wangu wa dakika tisini.

Niliingia labo uhuru ukiwa na miaka mitatu. Nilikuwa na cheti cha shule, shati jeupe lililoshonwa na baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wetu, na kalamu mbili mfukoni ili nionekane. Mkuu wa mafundi wa labo alikuwa Mzee Barnabe, mtu wa Musaga aliyekuja kazini kwa miguu na bado akamkuta mlinzi amelala. Aliniangalia kuanzia kalamu mpaka viatu.

“Unajua kuosha sahani?” akaniuliza.

Nikamwambia nina cheti.

“Cheti nimekiona. Nauliza sahani.”

Ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Kila aliyeingia alianzia penye sinki, miezi mitatu, hata awe amesoma wapi. Na penye sinki alitawala Mama Feza. Alikuwa amevuka mto Ruzizi kutoka Kongo na watoto wawili wakati wa vita vya huko, akapata kibanda Carama. Asubuhi alilima mihogo yake huko, kisha akaja mjini kuosha vyombo vyetu. Alikuwa amenitangulia kazini kwa mwaka mmoja tu, lakini alinipokea kama mtoto aliyeletwa darasa la kwanza akilia.

Vyombo vyetu vilioshwa kwa sabuni, vikalala ndani ya asidi, kisha vikasuuzwa mara saba kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji ya mvuke uliopozwa. Mama Feza hakuhesabu kwa vidole. Kwa kila suuzo alisema Salamu Maria moja, taratibu, na suuzo lilikwisha sala ilipokwisha. Mimi, mtoto wa Kiislamu, nikaona nami nitumie Kulhuwallahu. Siku ya pili alinisimamisha.

“Hiyo yako ni mufupi, Rajabu. Sema mbili.”

Nikasema mbili. Alinifundisha pia kuinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Kioo safi, maji hukishukia yote kwa pamoja, kama shuka. Likibaki tone moja limening'inia, kuna mafuta. “Hiki kinalia,” alisema, na mimi nikarudi mwanzo, sabuni, asidi, saba na tatu. Miezi mitatu hiyo nilimchukia kidogo. Nyinyi vijana mnaotupa vyombo vya plastiki kila jioni hamtaelewa, na sitawalazimisha.

Kazi yetu ilikuwa polio. Vinyesi vya watoto waliopooza vililetwa kutoka milimani ndani ya termosi, nasi tukatafuta virusi kwa kuvilisha seli za figo la tumbili. Maji ya kulea seli yalikuwa na rangi ya waridi. Yakigeuka manjano ghafla asubuhi, bakteria wameingia na kazi ya wiki imekufa. Nilipelekwa machinjioni kwa baiskeli kuchukua damu ya ndama tupate seramu, na watu wa njiani, wakidhani nabeba nyama, wakaniuliza kwa nini napika sana. Pipeti, ile mirija ya kupimia, tulizivuta kwa mdomo, ndiyo, virusi vya polio kwa mdomo, na pamba kidogo juu. Mzee Barnabe alisema pamba ile ilikuwa ya kumfurahisha mama yako.

Miaka minne au mitano baadaye akaja Profeseri. Jina lake silisemi, na kusema kweli sisi wenyewe hatukulitumia. Tulimwita Tutaona, kwa kuwa ukimwomba likizo, balbu au sabuni, jibu lake lilikuwa hilo hilo, kwa Kifaransa, huku akitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye swali, na mtu mwenye swali hasikii njaa ya wengine.

Swali lake nalieleza kama alivyonieleza Mzee Barnabe. Kirusi cha polio kina uzi mmoja tu wa RNA, na uzi huo ndio wenye maagizo yote ya kutengeneza protini zake. Hauwezi kurefuka ovyo. Ganda lake ni dogo, na tena unanakiliwa ndani ya seli na mnakili mzembe asiyesahihisha makosa yake, kwa hiyo ukirefuka sana makosa yataua kila kitu. Wenye mitambo huko Ulaya walikwisha kuupima. Ukijua urefu wa uzi unajua uzito wa protini unazoweza kuagiza, hauwezi kuzidi hapo. Tutaona alitaka kujua kirusi kidogo namna hiyo kinawezaje kufanya mambo mengi namna hiyo.

Alikuja na chungu cha madini ya risasi, kizito kama jiwe la kusagia. Ndani yake mlikuwa na chakula cha seli kilichotiwa mionzi. Tuliwalisha seli wagonjwa chakula hicho dakika kumi tu, kisha tukawaua papo hapo kwa asidi iliyolala kwenye barafu ya kiwanda cha bia. Protini zilizozaliwa katika dakika kumi zile ndizo zilizobeba mionzi. Tukazipitisha kwa umeme ndani ya jeli, nyembamba kama kalamu, iliyomiminwa ndani ya kijiti cha kioo chenye uwazi katikati. Protini kubwa hubaki juu, ndogo hukimbilia chini. Jeli tuliikata kwa urefu, tukaikausha juu ya karatasi, tukailaza juu ya filamu ile ya kupigia picha mifupa. Baada ya siku chache filamu ilionyesha mistari myeusi, kila mstari protini moja. Na vijiti vya kioo, bila shaka, vilitoka kwa Mama Feza.

Filamu za kwanza zilipotoka, Tutaona alijumlisha uzito wa mistari yote, akajumlisha tena. Protini zilikuwa nyingi mno. Protini zile zingehitaji uzi wa urefu karibu mara mbili. Kirusi kilikuwa kinatoa zaidi ya kilicho nacho.

“Ni uchafu,” akasema. “Mabaki ya jeli za zamani yamebaki kwenye vioo.”

Akaamuru vijiti saba vioshwe upya, kazi irudiwe Ijumaa.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Ijumaa ile niliwalisha seli wa chupa sita, dakika kumi kila moja, nikawaua kwa wakati. Nilipofika ya saba nilitoa chakula cha mionzi dakika kumi zilipotimia, na kabla sijachukua asidi nikasikia adhana. Ningeweza kuwaua palepale, ingechukua muda mfupi kuliko kufunga viatu. Lakini asidi ilikuwa imekwisha kwenye chombo, ya kuongeza ilikuwa kabatini, na ufunguo, mnajua, nyuma ya kopo la chumvi, na Mzee Barnabe alikuwa ameegemea kabati hilo akila. Ningemwomba asogee angeniuliza nakimbilia wapi. Nikawawekea seli chakula cha kawaida wasife, nikarudisha chupa kwenye kabati la joto, nikapita mlango wa nyuma. Nilijiambia nitachelewa kidogo tu. Shehe siku ile alihutubia juu ya uaminifu, kwa urefu. Niliporudi zilikuwa zimepita dakika tisini. Nikawaua seli, nikaandika kwenye daftari, kama kwa wale wengine, dakika kumi.

Jumanne filamu zikatoka. Vijiti vyote vilikuwa na mistari ileile mingi, isipokuwa cha saba. Juu, palipokuwa na mistari mikubwa, hapakuwa na kitu. Chini mistari midogo ilikuwa minene na myeusi kama imechorwa kwa makaa. Tutaona aliiweka filamu dirishani, akaiangalia muda mrefu.

“Kirusi kilekile, seli zilezile, dakika kumi zilezile,” akasema. “Matokeo mawili. Basi ni vioo. Yule mama ataondoka mwisho wa mwezi.”

Mimi niliangalia viatu vyangu.

Msidhani kuondoka ilikuwa kukosa kazi tu. Mama Feza alikaa Bujumbura kwa karatasi ya mwajiri. Kila baada ya miezi sita aliipeleka ofisini ikapigwa muhuri. Bila karatasi ile angerudishwa ng'ambo ya Ruzizi na watoto wake, kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Alijua yeye, nilijua mimi, na sidhani Tutaona alijua, maana hakuuliza.

Alipoambiwa hakulia. Alichukua vijiti vyote vya labo, akavisuuza upya, kimoja kimoja, akaviinua dirishani. Hakuna kilicholia. Jumatano akanikaribisha ndagala wake, wale dagaa wa ziwani, kwa muhogo kama kawaida, tukala penye sinki, nami nikawa natafuna muda mrefu ili nisiseme.

Alhamisi mchana akaniletea karatasi na bahasha.

“We unajua Kifaransa ya kuandika. Niandikie Profeseri. Andika kama mi nakubali kosa. Andika ile wiki mutoto alikuwa mugonjwa, sikusafisha muzuri, anisamehe.”

“Mtoto alikuwa mgonjwa?”

“Apana.”

“Ulikosea kusuuza?”

“Apana. Andika tu. Mutu mukubwa akisikia umekubali, moyo yake inalala.”

Nikakaa na kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika Mheshimiwa Profeseri, na hapo mkono ukakataa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimefanya mambo mengine ya aibu. Yule mama alikuwa tayari kubeba uongo ambao mimi ndiye niliyeuzaa, na alikuwa ananishukuru kwa kuuandika. Nikaandika yote. Adhana, asidi, mlango wa nyuma, dakika tisini. Nikaweka sahihi yangu, kisha nikamsomea kwa Kiswahili.

Akauliza, “Tangu Jumanne ulijua?”

Nikasema nilijua.

“Na jana ulikula ndagala yangu.”

Nikasema nilikula.

“Na uliongeza.”

Nikasema niliongeza. Akakausha mikono kwenye kitenge chake, kidole baada ya kidole.

“Peleka,” akasema. “Mi sina kitu ya kukuambia leo.”

Tutaona aliisoma barua mara mbili. Masikio yake yakawa mekundu kwanza, halafu uso. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia baba.

“Kwa nini hukuomba ruhusa tu?” akauliza.

“Ungesema tutaona, Profeseri.”

Mzee Barnabe akapatwa na kikohozi, akatoka nje nacho. Tutaona hakucheka, lakini hakupiga kelele pia. Aliirudia ile filamu dirishani, akaweka kidole pale juu palipokuwa patupu, akakishusha polepole mpaka kwenye mistari minene ya chini.

“Dakika tisini, una hakika?”

“Nina hakika.”

“Uliandika kumi ukiwa na hakika pia.”

Ndivyo nilivyotumwa kwa shehe, mimi, kwa miguu yangu, kuuliza hotuba ya Ijumaa iliyopita ilichukua muda gani.

“Muzungu analalamika hotuba yangu ni ndefu?” shehe akauliza.

“Apana, shehe. Anataka kujua ni ndefu kiasi gani.”

Hakunijibu salamu kwa wiki kadhaa. Lakini alinitajia saa aliyopanda na saa aliyoshuka mimbari, na hesabu yangu ikawa sawa.

Ijumaa iliyofuata tukarudia. Mama Feza aliosha vijiti mbele ya Tutaona, saba na tatu, Salamu Maria kwa sauti, na Tutaona akasimama pale mpaka ya kumi ikaisha, mikono nyuma, kama mtu aliye misani. Chupa zilipewa mionzi dakika kumi, kisha chakula cha kawaida, na Mzee Barnabe akawa anaua moja moja kwa saa: sasa hivi, dakika ishirini, dakika arobaini. Ya mwisho Tutaona aliiweka kando mpaka adhana ilipolia, ndipo akaipa mionzi yake.

“Hii ni yako. Nenda ukaswali kama ulivyoswali siku ile. Usiharakishe.”

Nikaenda kuswali kwa amri ya labo. Mzee Barnabe, Mkatoliki wa ubatizo wa utotoni, alitumwa anifuate na saa, akaningoja nje juani na kofia yake mkononi kwa heshima. Waumini waliotoka walidhani ameamua kusilimu, wakampongeza. Naye, kwa adabu, aliwashukuru. Maneno hayo yalifika Musaga kabla yake, na mkewe alikuwa na maswali.

Jumanne tukazipanga filamu dirishani kwa mfuatano. Mstari mkubwa wa juu ulikuwa mweusi kwenye ya kwanza, ukafifia kwenye ya pili, ukawa kivuli kwenye ya tatu, na kwenye ile iliyoningoja msikitini haukuwapo. Kadiri wa juu ulivyofifia, ya chini ilinenepa. Hapakuwa na uchafu. Kirusi kinasoma uzi wake wote kwa mkupuo mmoja, kinatengeneza protini moja ndefu, kisha inakatwa vipande, na kila kipande kina kazi yake. Agizo moja, kazi nyingi. Ukijumlisha mistari ya mwisho peke yake, uzito ulitosha ndani ya uzi bila kuzidi.

Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye maji. Tutaona akamgeukia.

“Mama, vioo vyako ni safi.”

“Mi nilijua,” akasema. “Sasa ilikuwa nini?”

Profeseri aliniangalia nitafsiri, nami nikafanya kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia fundi amenunua pisi nzima ya kitenge, kitambaa kisichokatwa, akakata gauni, blauzi na kilemba. Sisi tulihesabu pisi, na gauni, na blauzi, na kilemba, tukasema kitambaa kimezidi, kuna mtu ametuchezea.

Mama Feza alinitazama mimi, akamtazama Profeseri, akamtazama Mzee Barnabe.

“Watu wamesoma miaka yote hii,” akasema, “hawajui kitambaa ikikatwa haiko tena?”

Sikutafsiri. Tutaona akaniuliza amesema nini, nikamwambia amefurahi.

Karatasi yake ilipigwa muhuri mwisho wa mwezi, na kila miezi sita iliyofuata. Mimi nilirudishwa penye sinki siku thelathini, nikisema Kulhuwallahu mbili mbili. Tutaona aliandika makala yake, na kabla hajaituma meli ya Kigoma ikaleta gunia la majarida yaliyochelewa. Ndani yake tukakuta kwamba wenye labo kubwa walikwisha kuliona jambo lilelile zamani kidogo. Alikaa nalo mezani siku nzima. Jioni akasema, “Angalau tumeona,” na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akilitumia neno lake kwa wakati uliopita.

Nyinyi mliosoma baadaye mnaniambia kuna virusi vyenye hila zaidi: vingine husoma uzi uleule kwa kuanzia herufi ya pembeni na kupata protini nyingine kabisa, vingine hufika penye alama ya kusimama na kupita kana kwamba havijaiona. Nawasadiki. Mimi mwenyewe niliwahi kupita mlango wa nyuma.

Mama Feza hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe. Alifanya jambo lingine. Kila Ijumaa, adhana ikilia nami nikivua koti la labo, aliinua kichwa kutoka kwenye sinki na kuniuliza kwa sauti, mbele ya wageni, wakaguzi, hata waziri siku moja, “Rajabu, umeandika dakika ngapi?” Nami nilirudi kwenye daftari, nikaandika saa ninayotoka, nikamwonyesha. Hakujua kusoma. Aliangalia daftari kwa makini, akaitikia kwa kichwa, ndipo nikaenda. Ilikuwa hivyo miaka yote, na nilikuwa nanung'unika kila mara.

Aliondoka duniani mwaka juzi, huko Carama, karatasi yake ikiwa na muhuri. Ijumaa yangu ya mwisho kazini adhana ililia, nikavua koti, nikafika penye sinki na miguu ikasimama yenyewe. Maji ya bomba yalikuwa yamefungwa. Kijana mmoja akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikarudi kwenye daftari, nikaandika saa, nikaliacha wazi juu ya sinki, nikatoka kwa mlango wa mbele.